Cyrodiil na Msitu Wake Uliopotea: Nani Mwenye Mandhari?

Utangulizi

Mwaka 2006, wakati mimi hata kusoma sijui, ulizuka ugomvi kati ya wapenzi wa mfululizo wa michezo ya kompyuta uitwao The Elder Scrolls. Ukiusikia ugomvi huo kwa mara ya kwanza utacheka. Watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, wanabishana kama nchi ambayo haipo duniani ina msitu mnene au haina! Lakini ugomvi huo haujaisha mpaka leo. Mwezi Aprili 2025 mchezo uliousababisha ulitolewa upya; miti ikapendezeshwa, nyasi zikang'arishwa, maji yakameremeta. Msitu haukurudi, na sisi wenye kinyongo tukabaki na kinyongo chetu.

Katika makala haya nitajaribu kuuangalia ugomvi huo kwa jicho la mhakiki. Najua wapo watakaouliza: magemu na uhakiki wa fasihi wapi na wapi? Jibu langu ni fupi. Tangu mwaka wa kwanza tumefundishwa kwamba mandhari ni kipengele cha fani, na kwamba fani na maudhui havitenganishwi. Ikiwa hivyo ndivyo, basi pale hadhira inapogombana juu ya mandhari, hapana budi kuna jambo la maudhui limeguswa. Kazi ya mhakiki ni kulitafuta.

Nikiri mapema kwamba mimi si mwamuzi asiye na upande. Nilikuwa mtu wa msitu, tena wa kelele. Ninayoyaandika hapa kwa sehemu kubwa ni kujisahihisha.

Kisa chenyewe

Mfululizo huu hutungwa na kampuni ya Bethesda ya Marekani. Ulianza na Arena (1994), ukafuata Daggerfall (1996), kisha Morrowind (2002), Oblivion (2006) na Skyrim (2011). Matukio yote hutokea katika bara la kubuni liitwalo Tamriel, lenye majimbo tisa. Cyrodiil ni jimbo la katikati, na ndiko kiliko kiti cha wafalme wa himaya.

Mwaka 1998 kampuni ilitoa mchezo mmoja mdogo ulioitwa Redguard. Katika kasha la mchezo huo mnunuzi alikuta kijitabu cha karatasi kilichoitwa Pocket Guide to the Empire. Hapa nitakiita Mwongozo. Mwongozo unazungumzia jimbo baada ya jimbo, na ulipofika Cyrodiil ulichora nchi ya ajabu sana: msitu mnene wa nchi za joto usio na mwisho, mto mkubwa, mashamba ya mpunga, wafanyabiashara wa hariri, na mji mkuu uliojengwa juu ya visiwa vya ziwa, mitaa yake ikiunganishwa na madaraja na watu wakipita chini kwa mitumbwi. Kwa miaka minane wasomaji walikaa na picha hiyo kichwani wakingoja siku ya kuingia humo.

Siku ikafika. Machi 2006 Oblivion ilitoka, na mandhari yake ni Cyrodiil nzima. Mchezaji anatoka kwenye mfereji wa maji machafu chini ya gereza, anainua macho, na anachokiona ni... mialoni. Vilima vya kijani, maua ya porini, ngome za mawe, kulungu wakikimbia. Ni nchi nzuri, sibishi. Lakini ni nchi ambayo yeyote aliyewahi kuona picha za mashamba ya Uingereza keshaiona. Mji mkuu umekaa juu ya kisiwa kimoja, mweupe na wa duara, umegawanywa mitaa kama keki. Mitumbwi hakuna. Mpunga hakuna.

Hapo ndipo wapenzi walipogawanyika.

Kambi tatu

Kambi ya kwanza ni ya wenye Mwongozo. Hoja yao ni kwamba kilichotangulia kusemwa ndicho kweli ya ulimwengu huo, na kila kipya lazima kikipigie magoti. Msanii akishasema kuna msitu, basi msitu upo. Akiuondoa amevunja ahadi. Hii ndiyo kambi yangu ya zamani. Nilikuwa nautumia Mwongozo kama wakili atumiavyo hati ya kiwanja.

Lakini hebu tuisome hiyo hati yenyewe. Mwongozo haukuandikwa kwa sauti ya Bethesda. Umeandikwa kwa sauti ya chombo cha kiserikali cha himaya hiyohiyo ya kubuni, wakati mfalme mmoja, Tiber Septim, anaziteka nchi za jirani na kuhitaji kuzisifia au kuzikashifu. Ni matini ya propaganda. Na juu ya hapo, pembezoni mwa kurasa zake kuna maandishi ya mkono ya msomaji mwingine, adui wa himaya, anayeubishia Mwongozo. Kwa maneno mengine, watunzi walitupa msimulizi asiyeaminika, kisha wakaweka na shahidi wa kumsuta palepale pembeni. Sasa wewe unachukua matini ya namna hiyo unaifanya msahafu? Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayechanganya mtunzi na msimulizi anapata alama ndogo. Mimi nilikuwa nachanganya kila siku na kujiita mtetezi wa sanaa.

Kambi ya pili ni ya wenye skrini. Hawa husema kwamba kinachoonekana ndicho kilichopo, na vitabu ni porojo za wahusika. Hoja hii ina nguvu kuliko tulivyotaka kukubali, lakini nayo ina kasoro. Mfululizo huu umejengwa juu ya vitabu. Ndani ya Morrowind na Oblivion kuna mamia ya vitabu ambavyo mchezaji anaweza kuvifungua na kuvisoma, na siri nyingi za njama hazipatikani kwingine. Msanii aliyeiambia hadhira yake kwa miaka mingi kwamba isome, hawezi ghafla kuiambia kwamba kusoma hakukuwa na maana. Tena skrini yenyewe si shahidi mkamilifu. Mchezaji hutembea kutoka mji hadi mji kwa dakika chache, na mji mkuu wa himaya nzima una wakazi wasiozidi wa mtaa mmoja wa kwetu. Kila mchezaji anajua hilo ni ufupisho wa kisanaa. Hivyo hata mwenye skrini anakubali, bila kusema, kwamba anachokiona si chote.

Kambi ya tatu, inayonivutia zaidi, ni ya wasuluhishi, na watunzi wenyewe wamo humo. Ndani ya Oblivion kuna juzuu nne za maandiko ya Mankar Camoran, kiongozi wa dhehebu la siri na adui mkuu wa mchezo. Katika juzuu ya tatu anadokeza kwamba wapo wanaojua siri ya kuifinyanga ardhi upya, na kwamba makao ya mfalme mwekundu yaliwahi kuwa msitu. Wasomaji wakaelewa: Tiber Septim alipokuwa mungu aliuondoa msitu, na kwa kuwa aliubadili ulimwengu kutoka ndani, ni kama haukuwahi kuwepo. Miaka mitano baadaye, katika Skyrim, mhubiri anayeitwa Heimskr anasimama mbele ya sanamu ya mungu huyo na kupaza sauti kuhusu jambo lilelile: mfalme aliona askari wake wanavyouchukia msitu, akawabadilishia nchi kwa upendo.

Ni ufumbuzi wa kijanja. Lakini tazama yaliyofuata. Mwaka 2014 ulitoka The Elder Scrolls Online, ambao matukio yake ni ya zaidi ya karne mbili kabla ya huyo Tiber Septim kuzaliwa. Cyrodiil ya humo nayo haina msitu wa joto! Hesabu ikawa hivi: katika mwaka 582 wa zama za pili msitu haupo, katika mwaka 864, Mwongozo unapoandikwa, upo, na katika zama za tatu haupo tena. Muujiza ukakosa kitu cha kufanyia muujiza. Watunzi wakaingiza kitabu kingine, cha msomi wa kubuni aitwaye Lady Cinnabar wa Taneth, kinachojadili kama Cyrodiil iliwahi kuwa nchi ya joto. Humo tunakuta na dai la mpinzani wake kwamba neno lenyewe la msitu lilitokana na kosa la mnakili.

Kosa la mnakili! Sisi tunaosoma tendi za kale, zilizonakiliwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu, tunaijua hoja hiyo vizuri. Ni hoja halali. Ila mara nyingi huletwa pale ambapo mhariri amechoka kufikiri.

Kilichopotea si miti

Sasa nifikie hoja yangu. Kambi zote tatu zimezungumzia miti. Mwenye Mwongozo anataka miti irudi, mwenye skrini anasema haikuwepo, msuluhishi anaeleza ilikokwenda. Lakini nilipourudia Mwongozo, safari hii nikiusoma kama matini ya fasihi na si kama hati ya kiwanja, niliona kwamba sehemu kubwa ya maelezo ya Cyrodiil haihusu miti hata kidogo. Inahusu watu.

Mwongozo unasema Cyrodiil ni nchi ya watu wa aina mbili waliounganishwa kwa shida. Mashariki, kando ya mto, wako Wanibenay: wafanyabiashara, wapenda mapambo na sherehe, wenye madhehebu yasiyohesabika, wanaovaa hariri ya nondo wanaohusishwa na mizimu ya mababu. Magharibi wako Wakolovia: wakulima na askari, wakavu, wasiopenda makuu, wanaowaona ndugu zao wa mashariki kuwa wamepotoka. Himaya ni ndoa ya hawa wawili. Mashariki hutoa mali na ibada, magharibi hutoa jeshi. Msitu katika maelezo hayo una kazi. Unawatenga, unaulisha mto, unazaa mpunga, unaficha madhehebu. Ukiusoma hivyo unaona kwa nini himaya hiyo ni tajiri, kwa nini ina wasiwasi, na kwa nini inahitaji mfalme mwenye asili ya mungu ili isisambaratike.

Katika Oblivion majina ya Nibenay na Colovia yapo. Hekalu la mapadri vipofu wanaotunza nondo wa mababu nalo lipo, limejificha kwenye vilima. Lakini tembea kutoka Anvil pwani ya magharibi hadi Cheydinhal mashariki, zungumza na kila mtu njiani. Utakuta majengo yamebadilika mtindo kidogo, basi. Watu wanasalimiana vilevile, wanaabudu miungu ileile katika makanisa ya mawe yanayofanana, wanavaa mavazi yaleyale. Mgogoro uliokuwa moyo wa nchi umeondoka pamoja na msitu. Na hapo ndipo muujiza wa Tiber Septim unaposhindwa kama sanaa, hata kama kimantiki ungekubalika. Unatuambia miti ilikwenda wapi. Watu je? Mfalme aliwabadili nao? Mkulima wa mpunga aliamka asubuhi akajikuta analima ngano, na haoni ajabu? Kama ndivyo, hilo ni tukio la kutisha kuliko yote katika historia ya Tamriel, na mchezo mzima haumpi hata mhusika mmoja nafasi ya kulilia.

Hili ndilo lililonifanya nihame kambi. Sidai tena msitu. Ninadai hasara iwe na mtu anayeibeba.

Kipimo

Je, kipi basi kiwe kipimo cha kipya kinachofaa na kisichofaa? Kipimo cha kufanana na cha kwanza hakisaidii, na ushahidi ni Morrowind yenyewe, mchezo ambao watu wa msitu huutukuza kuliko yote. Katika Arena ya 1994, jimbo la Morrowind lilikuwa na miji ya kawaida kama ya majimbo mengine. Mwaka 2002 tukaoneshwa kisiwa cha majivu, uyoga mrefu kama miti ambao wachawi wanakaa ndani yake, na wadudu wakubwa mithili ya nyumba wanaobeba abiria. Hayo yote hayakuwemo mwanzoni. Kwa kanuni ya kambi yangu ya zamani, Morrowind ni uasi mkubwa kuliko Oblivion! Lakini hatukulalamika, kwa sababu kila kigeni kilichoingizwa kilishika maisha ya watu. Wale wadudu ni usafiri. Yale majivu ni chanzo cha ugonjwa, na ugonjwa ndio njama.

Hata Oblivion, mwaka mmoja baadaye, iliongezewa sehemu mpya iitwayo Shivering Isles (2007), nchi ya mungu wa wendawazimu iliyogawanyika pande mbili, moja ya furaha ya kichaa na nyingine ya huzuni na hofu. Humo ukitoka upande mmoja kwenda mwingine unabadilika udongo, mavazi, mazungumzo, hata namna watu wanavyokuogopa. Yaani watunzi walewale, kwa zana zilezile, walijua kufanya kile ambacho Cyrodiil ilinyimwa.

Mgogoro wa aina hii si mgeni kwetu. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo walisema mashairi yasiyo na vina na mizani si mashairi ya Kiswahili. Wapo waliojibu kwa kutafuta ushahidi wa kale kwamba hata zamani tungo za namna hiyo zilikuwepo, na wapo waliosema mambo mapya ni mapya, mkubali msikubali. Kumbe hizo ni kambi mbili za Cyrodiil kabisa! Na kwa miaka mingi darasani tumehesabu mizani kama watu wa gemu wanavyohesabu miti. Lakini Kichomi haikusimama kwa sababu upande mmoja ulishinda hoja ya historia. Ilisimama kwa sababu ilisema kitu ambacho msomaji alikihitaji, na kukisema kwa namna ambayo isingewezekana vinginevyo. Swali hilo ndilo tunalopaswa kuuliza kila kipya kinapoingia katika ulimwengu wa zamani: kimetupa nini, na kilipoondoa kimeacha nini mahali pake? Mwaloni wa Oblivion haukutupa kitu ambacho msitu usingeweza kutupa. Hiyo ndiyo kasoro yake, wala si kwamba ni mwaloni.

Hadhira inapochukua kijiti

Msomaji anaweza kunipinga hapa: "Bwana, kazi ni ya msanii, kama hukuipenda acha." Katika riwaya iliyochapwa pengine ni hivyo. Lakini sisi ni wanafunzi wa fasihi simulizi pia, na tunajua kuna sanaa ambayo hadhira ina mkono ndani yake. Fanani akisema "Paukwa!" na hadhira isiitike "Pakawa!", hadithi haianzi. Bibi akimhamisha Sungura kutoka porini hadi sokoni, wajukuu hawana neno. Akimfanya Sungura mjinga bila sababu, watamkatiza hapohapo: "Bibi, Sungura hawi hivyo!" Wajukuu hao hawatetei mandhari wala matini ya kwanza. Wanatetea kile kinachoifanya hadithi iwe ya Sungura.

Mfululizo huu uko karibu na simulizi kuliko na riwaya. Tangu Morrowind, Bethesda huwapa wachezaji wa kompyuta zana za kuubadili mchezo wenyewe, na wapenzi wamezitumia. Wapo waliotengeneza kazi iitwayo Unique Landscapes, wakaipa kila pembe ya Cyrodiil ya Oblivion sura yake. Wapo wengine wa Project Tamriel, ambao kwa kujitolea wanaijenga Cyrodiil ndani ya mchezo wa Morrowind wa 2002, na pwani ya magharibi inayozunguka Anvil wameshaitoa. Hawa sasa wanaurudia Mwongozo kwa namna ninayoiona sahihi. Wanauliza watu wa pwani hii wanakula nini, wanamwabudu nani, wanamdharau nani, ndipo wanapanda miti. Hoja yao dhidi ya Oblivion ni kijiji kizima chenye watu ndani, na hiyo ni hoja nzito kuliko kelele zangu zote za zamani.

Hitimisho

Nimejaribu kuonesha kwamba ugomvi wa msitu wa Cyrodiil umekwama kwa sababu pande zote zimeichukulia mandhari kama orodha ya vitu: upo msitu, haupo msitu. Mandhari katika sanaa ni uhusiano wa watu na mahali. Ukibadilisha mahali, huna budi kuonesha uhusiano ulivyobadilika, la sivyo umebadilisha pazia tu na waigizaji wanaendelea na maneno yaleyale.

Udhaifu wa hoja yangu ninaujua. Mtu aweza kusema kwamba Oblivion haikuwa na nia ya kuzungumzia Nibenay na Colovia, na kwamba kuihukumu kwa mchezo ambao haikutaka kuwa ni kumwonea msanii. Inawezekana. Lakini msanii aliyeandika mwenyewe kwamba nchi hii ni ya watu wawili wasioelewana, kisha akatupeleka huko na kutuonesha mtu mmoja aliyevaa nguo tofauti, ametupa haki ya kuuliza yule wa pili yuko wapi.

Nafasi hii iko wazi kwa wenzangu wa kambi nyingine. Wenye Mwongozo nawafahamu, tulikaa wote. Wenye skrini ningependa sana kusikia wanamjibu vipi yule mkulima wa mpunga.